Miaka Thelathini na Minne ya Kugeuza Bawa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha wadudu cha makumbusho yetu, Mama Geuza anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi tuliochoshwa naye. Ukimpelekea kipepeo, hata hujaketi, anakuambia umgeuze.

Kiini cha taabu ni vipepeo wa kahawia wa nyasini. Wako aina tano, na ukiwatazama kwa juu wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Tofauti iko chini ya bawa: madoa madogo kama ncha ya pini, yanayohesabiwa kwa lenzi, kushoto na kulia, kisha upya baada ya chai. Mkuu wa idara alilalamika mara nyingi kwamba kazi ya saa moja inakula wiki nzima. Mama alimjibu kwamba kipepeo hana haraka, ameshakufa.

Mwaka jana manispaa iliuliza ni kipepeo gani anayeishi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya zahanati, maana ilitaka kujenga hapo maegesho ya magari. Karani anayeandika haya alikuwa na miezi miwili kazini na hofu kubwa ya kuchelewesha barua. Aliwatazama vipepeo kumi na wawili walionaswa uwanjani hapo kwa juu tu, akaandika kwamba wote ni wa kawaida. Barua ilikwisha kugongwa muhuri Mama alipoichukua mkononi mwa tarishi, akarudi nayo, akavuta kiti.

"Mwanangu, umewageuza?"

Hakuwageuza. Walihesabu pamoja siku tatu, karani akinung'unika kimoyomoyo. Kumi na mmoja walikuwa wa kawaida kweli. Wa kumi na mbili, badala ya madoa matano ya wenzake, alikuwa na doa la sita: aina ambayo hatukuwa tumeipata kwa miaka kumi na tisa. Uwanja haukujengwa. Mama hakumwambia mtu nani aliandika barua ya kwanza, na ndiyo maana inasemwa hapa.

Rasimu ya wasifu huu alipewa aipitie. Kwanza aliigeuza, akakagua nyuma ya karatasi, ndipo akaisoma.

Mama, ahsante, hata kwa yale uliyotuudhi. Tunakuombea siku ndefu, macho makali na magoti yasiyouma. Lenzi yako tumeipokea. Tutageuza.