Nani Atampeleka Ukuta

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya banda la kuziba pancha, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Wenyewe tunajiita Bunge; wake zetu wana jina lingine, silitaji. Asubuhi ile tulikuwa Injinia mwenye banda; Wakili, ambaye mahakamani ameingia kama mshtakiwa tu; Redio asiyezimika; na mimi. Mwisho wa benchi alikaa Ukuta, golikipa wa mtaa, kofia imemfika kwenye nyusi maana mwanga unamuumiza. Tangu agonge kichwa kwenye mlingoti wa goli, na sisi tukampigia kelele ainuke acheze mpaka mwisho, hajakaa sawa. Sasa hospitali imesema kuna chumba cha oksijeni, kile cha kutibu wapiga mbizi, anaweza kujaribu. Tulikuwa tunamjadili kana kwamba hayupo.

Injinia: Ubongo umepungua upepo, basi. Wanakufungia ndani ya chuma kama mtungi, wanapandisha presha, unavuta oksijeni tupu. Unajaa.

Wakili: Daktari kasema hawana uhakika. Kuna waliopata nafuu, kuna ambao hawakuona tofauti.

Injinia: Daktari anajikinga huyo. Mimi nikikuzibia tairi nakuambia sina uhakika?

Redio: Huwa linatoka upepo kabla hujafika kona. Lakini nyie hamjiulizi kwa nini hewa ya mtaa huu nzito hivi? Oksijeni yote imechujwa ikapelekwa kwenye hivyo vyumba. Sisi tunavuta makapi.

Mimi: Nani kakwambia?

Redio: Inajulikana.

Wakili: Mimi naogopa sheria. Akitoka humo anaiona penalti kabla haijapigwa, wapinzani si watakata rufaa?

Injinia: Wakate. Na sisi tunaingiza timu nzima, mpaka kocha.

Mimi: Tuanze na Bunge hili. Hapa ndipo hewa ilipokwisha.

Hawakucheka. Ukuta aliinua kikombe chake, akachungulia ndani, akanigeukia.

— Kaka, mimi nimeshakunywa?

— Umekunywa, Ukuta.

— Aa. Haya.

Ndipo dada yake akaja, yule anayeshona kiwandani, kitambulisho tayari kinaning'inia shingoni. Alitusalimia sote kwa heshima ambayo hatukuistahili, halafu hakukaa.

Dada: Tiba inaanza kesho. Ni kila asubuhi, kwa wiki kadhaa. Peke yake hawamtaki, na juzi mnajua alipotea akirudi nyumbani. Mimi nikikosa zamu, kazi sina. Nyie ndugu zangu mnashinda hapa. Nani atampeleka?

Injinia alivuta tairi alilokwisha kuliziba, akaanza kulitafutia tundu. Wakili aliuliza tiba ni saa ngapi, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika. Redio alizimika. Mimi nilitazama mashapo ya kahawa yangu. Tunakaa pale kila siku ya Mungu, mvua au jua, mpaka benchi limetuchonga makalio, na roho iliniuma kuona tulivyokuwa na shughuli ghafla.

Wakili: Suala hili linahitaji kikao.

Dada: Na hiki ni nini?

Aliuliza kwa upole kabisa. Afadhali angetutukana.

Ukuta alisimama, akajipangusa suruali.

— Msigombane. Nitaenda mwenyewe.

Akatoka, taratibu, mkono mmoja umekinga macho. Alipofika njia panda alisimama, akaangalia huku, akaangalia kule, akatugeukia.

— Kaka zangu, hospitali ni upande gani vile?

Tukanyoosha mikono, wote wanne, tukamwonyesha. Hakuna aliyeinuka kwenye benchi.

Dada yake aliitazama ile mikono yetu, kisha akamfuata Ukuta na kuushika mkono wake.

— Ni kesho, kaka. Twende nyumbani.