Dennis Midgley na Dawa ya Kutu

Tumekuja kumsindikiza Dennis Midgley, mume wa Sheila, baba yetu mimi Lorna na kaka yangu Keith. Mama amenipa kazi ya kusoma, nami tangu alfajiri sijakaa kitako. Mkiniona nahangaika na makaratasi, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa Todmorden, mama yake akiwa mfumaji kiwandani. Alimaliza shule mwaka 1959. Hakuwa mtu wa vitabu. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Dennis hatulii ila akiwa na kitu cha kufungua."

Mwaka huohuo alianza ufundi bomba, akaufanya miaka hamsini. Nyumba nyingi za bonde hili zilifungwa kwa mkono wake boila ya kuchemsha maji na rejeta za ukutani ambamo maji hayo hupita kupasha vyumba joto. Kwake yeye kufunga kulikuwa rahisi, kutunza ndiko kazi. Maji yale huzunguka humohumo miaka nenda miaka rudi, na yasipotiwa dawa ya kutu hula chuma polepole mpaka rejeta inajaa tope jeusi. "Watu wanapaka rangi nje, ndani kunaoza!" alikuwa akifoka. Kila nyumba alitundika kadi kando ya boila, tarehe ya dawa na tarehe ya kupima maji. Na ole wako uongeze maji matupu bila kumwambia.

Alimwoa Sheila Barraclough siku ya Jumamosi, tarehe 17 Februari 1968, katika kanisa hilihili. Wakati wa kukata keki bwana harusi haonekani. Mama akamkuta nyuma ya ukumbi, kapiga magoti na suti yake mpya, anapapasa rejeta.

"We Dennis! Umenioa mimi au umeoa hilo?"

"Chini ni baridi, Sheila. Tope hilo."

"Na mimi nasikia baridi vilevile. Hebu inuka!"

Walilicheka jambo hilo miaka hamsini na minne.

Sasa, kuhusu ugonjwa. Kwenye karatasi zenu pameandikwa kwamba aliugua kwa utulivu. Niliandika mimi, na ni uongo. Hakutulia hata siku moja.

Novemba 2021 moyo ulimlaza hospitali wiki tatu, Mama akiwa naye kutwa. Nyumbani kiungo cha bomba kikavuja chini ya sakafu. Nikamwaga maji ya rejeta zote, nikakaza kiungo, nikajaza maji matupu ya bomba, nikarudisha zulia. Dawa nikasema nitatia kesho. Kesho ikapita, nami nikasahau.

Februari rejeta ya ghorofani ikapoa juu. Baba akaitoa upepo kwa kifunguo chake, akasogeza kiberiti, upepo ukawaka moto. Gesi hiyo hutoka chuma kinapoliwa. Akaenda kusoma kadi. Dawa, Oktoba, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Lorna, kuna mtu kagusa maji?"

"Hapana, Baba."

Niliogopa uso wake. Mwanamke wa miaka hamsini, naogopa kama mtoto!

"Basi ni mimi," akasema. "Nimeandika tarehe, dawa sikutia. Kichwa kinakwenda."

Akasafisha maji, akatia dawa. Jumapili iliyofuata akamrudishia Mchungaji Sutcliffe ufunguo wa boila ya kanisa, alioushika miaka thelathini na moja. "Ya kwangu nimeisahau, ya watu nitaaminiwaje?" Akaacha kuendesha gari. Akawa anakagua jiko mara tatu, anamuuliza Mama leo ni siku gani. Daktari alimwambia kichwa kizima, hakusadiki. Nami kila nilipokuja neno lilinifika mdomoni, nikalimeza na chai.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 10 Januari 2023. Asubuhi ile alinishika mkono. "Waombe radhi wote niliowafungia boila. Sijui nimewasahau wangapi."

Nimeagizwa niombe radhi, nami naomba, ila si kwa ajili yake. Mchungaji, ulipokea ufunguo ule bure. Mama, nisamehe ukiweza. Baba hakumsahau hata mmoja wenu. Ni mimi niliyemwaga maji yake, na ni mimi niliyemwacha aamini kwamba akili inamtoka.

Ameacha mjane wake Sheila, mwanawe Keith, wajukuu wawili, na binti mmoja aliyemdanganya.

Kichwa chako kilikuwa kizima, Baba. Sasa tulia.