Mgeni wa Miaka Thelathini na Tisa

Wazee mlioketi mbele, ndugu, majirani, nanyi mliosimama nje ya hema, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, kwa niaba ya familia, ingawa wapo katika familia watakaochukia kuisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika zahanati ya kambi ya wajenzi, mtoto wa kwanza wa fundi wa madaraja, na kwa kuwa daraja likikamilika fundi huhamia mto mwingine, alisoma shule nne katika nchi nne, akajifunza kuhesabu kwa lugha moja, kusali kwa nyingine na kugombana kwa zote, huku mdogo wake huyu akiachwa nyumbani kwa bibi.

Yeye na wazazi walirejea nyumbani tarehe 2 Septemba 1983, dada akawanyooshea wazee mkono wakati wao wakingojea shikamoo, watu wakaangua kicheko, na aliyembandika jina la Mtalii siku hiyo ni huyu anayewasomea, kwa wivu wa mtoto aliyeachwa.

Tarehe 8 Januari 1990 aliajiriwa katika karakana ya viungo bandia hospitalini, akapiga magoti miaka thelathini na miwili akipaka plasta vigutu vya watu, akichonga, akijaribisha, akilegeza mkanda na kuukaza tena, mpaka mtu atembee bila kukunja uso.

Alifunga ndoa na seremala tarehe 16 Julai 1994, harusi ambayo baba mkubwa alikataa kuisimamia, akidai hawezi kumwozesha mtu asiye na kwao, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1996 na 1999.

Baba alipougua, ni yeye aliyemwogesha miezi minane, lakini baba alipofariki, kwenye kikao cha mazishi yake, tarehe 5 Mei 2007, aliambiwa atoke nje, eti mgeni haamui mambo ya ukoo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilima miaka thelathini na tisa, mkala mkashiba, ninyi wenye ukoo, na bado mkamwita mgeni.

Januari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, na hata machozi hayajakauka mkafika na gari, mkisema damu ni damu, akalale kwao, kwenye makaburi ya ukoo. Kwao tangu lini? Mlimnyima kiti akiwa hai, leo mnampa kaburi! Msomaji ana hasira nanyi, na ana hasira zaidi na nafsi yake, maana hakuwahi kumwomba dada yake msamaha.

Marehemu aliacha karatasi yenye saini, azikwe makaburi ya mji, nyuma ya karakana, kwa sababu wateja wake hawawezi kutembea mbali. Itakuwa hivyo, na gari la ukoo litarudi tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopokezana kumlisha, wenzake wa karakana, na nyinyi mliokuja kwa miguu aliyowachongea, ambao ndio mtakaolibeba jeneza, wenye ukoo wafuate nyuma.

Dada, nisamehe. Pumzika kwa amani.