Namshukuru Mungu kwa Sabufa ya Baba Jeni

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana huku nyuma mmeitikia kama watu mlioamshwa usingizini. Wengi mnanifahamu, ni Mama Jeni wa Chanika, kule mwisho kwenye nyumba ambazo bado zinajengwa. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanifurahisha na kunikera kwa pamoja. Mtanivumilia.

Ndugu zangu, mie nina mume anayependa filamu. Najua mtasema, hilo nalo ni ushuhuda? Subirini. Baba Jeni hapendi za kupigana wala za mapenzi. Anapenda zenye mafunzo. Ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, anatoka kazini Kinondoni amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini hawezi kufika nyumbani kabla hajapita kwenye kibanda cha muvi kujaziwa flashi. "Niwekee yenye mafunzo," ndivyo anavyowaambia. Kisha anaingia mlangoni na flashi yake mkononi. Unga nilioagiza kausahau, mafunzo kaleta!

Na lazima iwe imetafsiriwa. Mnazijua hizo. Dijei mmoja anazungumza Kiswahili juu ya picha yote, yeye ndiye baba, yeye ndiye mama, yeye ndiye mtoto, hata mbwa ni yeye. Anakueleza mpaka unachokiona mwenyewe: "Hapo sasa jamaa anafungua mlango." Jamani, si tunaona anafungua mlango! Na katikati ya kilio anajitangaza yeye na maktaba yake ya muvi. Sasa Baba Jeni alinunua sabufa, ile spika kubwa ya mngurumo, akaiegemeza ukutani. Nyumba yetu haijapigwa dari. Kuta zimeishia katikati, juu ni bati tupu, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni, wa chumbani anampa pole.

Tatizo la mume wangu ni kwamba kila filamu inambadilisha, na mabadiliko yenyewe hayamalizi wiki. Aliangalia ya binti aliyeshinda mbio, basi alfajiri yake tukaamshwa nyumba nzima tukimbie. Tunakimbia kwenye barabara ya vumbi, jirani akatoka na rungu akidhani tunafukuza mwizi. Akaangalia ya mpishi aliyejifunza kupika uzeeni, akaniunguzia sufuria yangu nzuri, na tukala mkate. Akaangalia ya mtu aliyeapa kusema kweli maisha yake yote. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana Jumamosi ile ndugu zangu walikuja kutusalimia, akawaambia kweli kuhusu harusi ya mdogo wangu. Mpaka leo shangazi hapiti kwangu.

Haya yote niliyabeba. Mwanamke ukiolewa unabeba. Lakini kuna moja lilinishinda, na hilo ndilo lililonileta hapa mbele.

Mama mkwe wangu, mama yake mzazi Baba Jeni, alipata kiharusi. Tulimchukua kutoka Kilosa tukamleta kwetu. Huyu ni mama aliyemlea mwanawe peke yake, mama wa nguvu, alikuwa anabeba gunia la mkaa kichwani na bado anaimba. Sasa upande mmoja umelala, mdomo umekwenda pembeni, macho hayaoni vizuri. Masikio tu ndiyo yamebaki mazima. Nikampa chumba kile kinachopakana na sebule. Namwogesha mie, namlisha mie, namgeuza asipate vidonda, pampasi nabadilisha mie. Sisemi ili mnisifu. Nasema ili mjue nani alikuwa wapi.

Kwa maana mwanawe, ndugu zangu, alikuwa haingii! Anasimama kwenye pazia, anasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" halafu huyo, kaondoka. Miezi imepita hivyo. Pampasi ananunua, dawa ananunua, matunda analeta. Ila kuingia, kukaa kwenye kile kiti pembeni ya kitanda, kumshika mama yake mkono, hapana. Mama naye kila asubuhi ananiuliza swali lile lile, kwa kile kinywa chake kizito: "Sami amekuja?" Sami ndiye Baba Jeni. Namwambia, "Amekuja mama, yuko sebuleni." Ananiambia, "Mwambie aje." Namwambia, "Anakuja." Mie mwanamke wa maombi, nikawa msema uongo wa kila siku kwa ajili ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya ukuta.

Na huko ng'ambo ya ukuta alikuwa anafanya nini? Analia! Analilia filamu! Kocha wa watoto vipofu, analia. Mfungwa kafundishwa kusoma na mwenzake, analia mpaka anaomba kitambaa. Ananiita: "Mama Jeni, njoo uone, hii inagusa sana." Mie huku nimeshika beseni. Jamani, niliichukia ile TV! Nilijiuliza, hivi mtu anatoa wapi machozi ya kuwamwagia watu wa nchi asizozijua, wasiojua hata kama yupo, na mama yake anaomba maji hapo hapo pembeni? Filamu haikuombi maji. Haina harufu. Ukichoka unaizima. Ndiyo maana ni rahisi kuipenda.

Nilimwambia. Sikunyamaza mie. Nilimwambia, "Baba Jeni, mama yako anakuita." Akasema, "Nitakwenda, ngoja iishe." Ikaisha, akalala. Siku nyingine nikamwambia kwa ukali, "Huyu mama atakufa, na wewe hujakaa naye hata mara moja." Akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Usiniambie hivyo, mke wangu." Na akaweka nyingine.

Basi nikaileta kwenye maombi. Kina mama wa kikundi chetu ni mashahidi. Mama mchungaji akaniuliza, unataka tumwombe Mungu nini? Nikasema, aiunguze ile TV. Walicheka, lakini tuliomba. Tuliomba kwa kufunga! Wiki ile ile umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, nikasikia kitu kinalia pa! Nikakimbia ndani natoa sifa. Ndugu zangu, ilikuwa friji. Friji yangu! TV imewaka vizuri, taa zimewaka, sabufa inanguruma. Nilisimama katikati ya sebule nikasema, Bwana, nilisema TV!

Nilikasirika na Mungu, siwafichi. Samaki wangu waliharibika wote.

Ikaja Jumapili moja. Tumetoka ibadani, tumekula, Baba Jeni kakaa na flashi mpya. Mie niko chumbani, nimemlaza mama ubavu nampangusa mgongo. Ilikuwa filamu ya kijana aliyehamia mjini akatajirika, akamsahau mama yake kijijini. Naisikia yote, maana na dijei yule hakuna namna ya kutosikia. Nikawa nasonya peke yangu. Nikasema moyoni, haya, na hii nayo aililie.

Ikafika mahali kijana amerudi nyumbani. Dijei akabadilisha sauti, akaifanya nzito, ya kilio. Sabufa iko kwenye ukuta wetu, kitanda kinatetemeka. Akasema, "Mama. Mama yangu. Ni mie mwanao, nimekuja."

Mama mkwe akakamata mkono wangu kwa ule mkono wake mzima. Akasema, "Sami?"

Kabla sijafungua mdomo, dijei akaendelea: "Nisamehe mama. Nilikuwa karibu na nilikuwa mbali. Sikuja kukuona."

Na mama akajibu! Aliuelekea ukuta, akainua sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aletwe, akasema, "Nimekusamehe, baba. Ingia."

"Usilie, mama," anasema dijei.

"Silii," anasema mama, na machozi yanatiririka mpaka kwenye mto.

Ndugu zangu, nimeshika kitambaa, maji yananidondokea miguuni. Mzee wa watu anazungumza na sabufa! Na wanaelewana! Nikataka kumwambia, mama, huyo si Sami, huyo ni dijei. Hapo hapo dijei, asiye na haya, akakatisha kilio akaanza kujitangaza, eti kwa muvi kali zaidi fika kwenye maktaba yake. Mama akageuza uso, akaniuliza, "Anasema nini?"

Halafu sabufa ikanyamaza. Ghafla. Kumbe hata sebuleni wanasikia ya chumbani, bati ni lile lile moja. Baba Jeni alikuwa amezima, na filamu haijaisha. Mume wangu huyo, ambaye hajawahi kuzima filamu kabla ya majina kupita!

Nikasikia ndala zinaburuzika. Pazia likasogea. Sasa mie nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunza miezi yote ile, nimeyapanga vizuri, makali, ya kutosha. Nikamwona kasimama pale, remoti bado iko mkononi, uso umemvimba. Akaingia. Akapita mbele yangu, akapiga magoti sakafuni kwenye maji yangu, akasema, "Mama, ni mie."

Mama akamgusa kichwa. Akamwambia, "Nimekusikia. Si umeshasema hapo?"

Jamani! Nilitaka kupiga kelele! Hakusema yeye! Miezi yote hii hakusema lolote, kasema mtu wa kwenye flashi, sifa anapewa yeye! Na mama akanigeukia, akaniambia, "Unaona? Si ulisema anakuja?" Yaani hata uongo wangu nao ukawa kweli. Nikatazama juu kwenye bati, nikamwambia Mungu, Wewe una mambo.

Baba Jeni akaniangalia. Alijua kwamba najua. Angeweza kunyamaza akapokea ule msamaha wa bure. Lakini alimwambia mama yake, "Nimesema, mama, lakini naomba niseme tena kwa mdomo wangu." Akasema. Akamwambia kwamba alikuwa anaogopa. Kwamba kila akifungua lile pazia alimtafuta mama yake wa gunia la mkaa na hakumwona, na mguu ulikuwa unagoma. Akasema kwenye filamu alikuwa analia kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Alilia hapo, kilio kibaya, kisicho na muziki. Mama akasema neno moja tu: "Kaa."

Akakaa kwenye kile kiti. Nikamkabidhi kitambaa na beseni, nikatoka nje, nikakaa kwenye matofali yetu ya kumalizia nyumba, nikalia na mie. Maneno yangu yote yale makali sikuyatumia hata moja. Nayasikitikia kidogo mpaka leo.

Tangu siku ile Mungu amefungua. TV imehamia chumbani kwa mama, na sabufa nayo. Na kibandani wakimwekea filamu isiyo na dijei, Baba Jeni anatafsiri mwenyewe. Lugha yenyewe haijui! Juzi ilikuwa ya vita, watu wako chini ya bahari ndani ya chombo cha chuma, mabomu yanalia. Namsikia anamwambia mama, "Hapo sasa nahodha anaomba ruhusa, anataka kwenda kumsalimia mama yake." Mama anasema, "Afadhali." Kila filamu inaishia hivyo. Majambazi wanakwenda kuwasalimia mama zao, marais wanakwenda kuwasalimia mama zao. Mie napita na sufuria, natikisa kichwa.

Na kinachoniudhi, anawaambia watu mtaani kwamba ile filamu ilimbadilisha. Filamu! Mbona zilizotangulia zilimtoa machozi tu? Filamu ni nzuri, sasa sizichukii tena, inaweza kumfikisha mtu mpaka kwenye pazia. Kulisogeza ni kazi ya Mungu, na Mungu siku ile alitumia mama mgonjwa asiyeona vizuri, aliyesamehe kwanza hata kabla hajajua ni nani anayeomba. Ningepewa TV iliyoungua kama nilivyoomba, leo ningekuwa na friji na ningekuwa bado namdanganya mama. Bwana apewe sifa, ingawa friji hajanirudishia.

Ndugu zangu, nakuomba wewe uliyeomba mpaka ukakasirika, ukaona Mungu anaunguza kisichostahili: usimwache. Mwamini hivyo hivyo na hasira zako. Na wewe unayelia kwa uchungu wa watu wa mbali, na kuna mtu wako nyuma ya ukuta, usingoje iishe. Zima, uende.

Mmeniuliza mlangoni Baba Jeni yuko wapi leo. Yuko nyumbani, ni zamu yake ya kumgeuza mama. Mama bado anauliza kila asubuhi, "Sami amekuja?" Ila siku hizi mie sijibu. Niko jikoni nakoroga uji, namsikia mwenyewe anajibu kutoka kwenye kile kiti, "Nipo, mama."

Asanteni kwa kunisikiliza, na Mungu awatangulie mnapoingia majumbani mwenu. Amina.