Dada Vioo, Aliyetazama Pembeni ya Uvimbe

Ndugu waombolezaji, wifi yangu, mliyemwita Dada Vioo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mama yake akishikwa na uchungu katikati ya kusuuza mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yakabaki majini, mtoto akazaliwa ghorofa ya juu yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akasomea maabara, na tarehe 2 Septemba 1985 akaajiriwa katika hospitali hiyohiyo, kazi yake kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvibandika kwenye vioo na kuvitazama kwa hadubini. Aliwafundisha wanafunzi kwamba saratani ya mapafu haiishi peke yake, ina majirani, yaani mishipa ya damu, nyuzi za kovu na askari wa kinga ya mwili, nayo huwarubuni wailishe, waifiche, hata waifungulie njia ya kwenda kwingine mwilini. Mwanafunzi aliyeandika habari za uvimbe bila kutaja pembeni yake alirudishiwa karatasi, hata kama saa ya kutoka imefika.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa binti, ambaye ni fundi umeme, na kijana, ambaye ni mwalimu. Mumewe alipofariki mwaka 2012 alihamia kwetu, kwa mdogo wake, mume wangu, na wiki ileile akanipangia upya makabati yote ya jikoni.

Machi 2021 alianza kukohoa, yeye ambaye hakuwahi kushika sigara, na tarehe 20 Mei akaambiwa ni saratani ya pafu, imeshafika kwenye uti wa mgongo. Dawa za kwanza zilisaidia miezi minane, kisha zikagoma, daktari akapiga simu akitaka kutoa kipande kingine cha uvimbe akipime, nami, nikiamini kwamba uvimbe ukichokolewa husambaa, nikamjibu mgonjwa amesafiri, huku yuko chumba cha pili anapiga pasi. Daktari alipopiga tena, wifi alipokea mwenyewe, kisha akaniambia, "Wifi, miaka yote hii nakusimulia kazi yangu, kumbe ulikuwa unasikiliza redio," akachukua mkoba akaenda.

Kipande hicho alikitazama mwenyewe kwa hadubini, akaona askari wa kinga wamejaa pembeni, wamezuiwa wasiingie ndani ya uvimbe, na wengine wamelazwa usingizi. Daktari akabadilisha matibabu, akachanganya dawa ya kuwaamsha na ya kubana mishipa inayoulisha uvimbe, ukanywea, haukuisha, lakini alipata miezi kumi na tisa, akampakata mjukuu wake wa kwanza.

Jioni ya tarehe 28 Oktoba 2023 chakula kilipakuliwa, akatuhesabu mezani, tukawa tisa, hakuna aliyekosekana, akala vijiko vitatu akaenda kulala, na alfajiri akafariki.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, wenzake wa maabara, na hasa daktari yule, aliyepiga simu mara ya pili baada ya mimi kumdanganya.

Wifi, lala kwa utulivu.