Mzee Ribiti na Boti ya Kumvusha Binti Yake

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Ribiti kwa ajili ya zile pini za kuungia bati alizogonga kutwa, alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe. Alimaliza shule ya msingi mtaani kwao na kuingia sekondari, lakini aliishia kidato cha pili baba yake alipopoteza macho.

Alijifunza kukunja bati. Kwa miaka mingi alitengeneza mifereji ya mvua na masanduku ya wanafunzi katika kibanda nyuma ya nyumba. Ukisikia nyundo, yupo. Ukisikia kimya, amekwenda kuvua na boti yake ndogo ya alumini yenye injini, starehe yake pekee.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili. Walijaliwa mtoto mmoja, binti. Binti alipofikisha miaka kumi na tisa figo zake zilishindwa kazi, ikawa lazima asafishwe damu kila wiki hospitalini, ng'ambo ya mto. Kisha mafuriko yakaondoka na daraja. Kuzunguka kwa barabara kulikula siku nzima, na mgonjwa alifika akiwa hoi.

Hapo ndipo marehemu alipoigeukia boti. Alikata benchi la katikati ili godoro lienee. Bila benchi hilo boti ikalegea mbavu, ribiti zikaanza kuvuja. Akang'oa, akaziba, akafunga vipande vya alumini vilivyokunjwa pembe ili kuimarisha ubavu, akatandika sakafu ya plaiwudi iliyopakwa vanishi. Mkewe alishona turubai la kuzuia jua na mvua. Siku ya majaribio alimlaza mkewe kwenye godoro.

"Jifanye mgonjwa," alimwambia.

"Mgonjwa gani huyu analowa mgongo?" mkewe akauliza, maana maji yalikuwa yanapanda. Walicheka mpaka wakaegemeana. Kesho yake alianza upya.

Alimvusha binti yake kwa zaidi ya mwaka. Kisha akaanza kukonda na kushikashika tumbo. Daktari alipomkuta na uvimbe na kumwambia afanyiwe upasuaji upesi, alijibu, "Nikilazwa hapa, mtoto atavushwa na nani?" Alitafuta mtu wa kumshikia zamu, aliyepatikana aliuogopa mkondo. Basi akaurefusha kwa bomba mkono wa kuongozea injini, ili binti aendeshe akiwa ameketi vizuri.

"Sasa unaweza kwenda mwenyewe," alimwambia.

"Na kurudi je, baba? Nikishasafishwa damu hata kikombe sishiki."

Upasuaji akausogeza mbele, akausogeza tena.

Tarehe 3 Machi 2022 alizidiwa. Safari hiyo aliyelala kwenye godoro ni yeye, na aliyeshika bomba ni binti yake. Katikati ya mto alisema, "Elekeza pua juu zaidi, mkondo unakuvuta." Baada ya hapo hakusema tena. Alifika hospitalini akiwa hai, lakini uvimbe ulikuwa umeshapasuka tumboni. Alifariki dunia tarehe 5 Machi, mkewe akiwa amemshika miguu.

Ameacha mjane, binti, mama mzazi na sisi ndugu zake wawili. Binti anatakiwa kuvuka tena keshokutwa, na mpaka tunasoma haya hatujampata wa kumrudisha. Tumeshikwa na hofu, hatuna sababu ya kuificha mbele yenu. Mwenye mkono unaoweza kushika injini, tunamwomba asiondoke makaburini kabla hajazungumza na mjane.

Mungu ampumzishe ndugu yetu. Alikuwa amechoka sana.