Lesian Yiamat Laizer, Fundi Aliyemrudisha Yeyo Kanisani

Wachungaji, wazee wetu, majirani na ndugu mliotoka mbali, shikamooni na poleni sana. Mimi ni Silantoi, dada wa marehemu. Nimeambiwa nisome kwa utulivu, nitajaribu. Mama yetu Naipanoi, tunayemwita Yeyo, hatoki kitandani tangu alipovunjika nyonga, na leo anapaswa kumzika mwanawe. Jambo hilo lilimhangaisha marehemu kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mtanivumilia nikilirudia.

Lesian alizaliwa hapa Ngaramtoni tarehe 9 Agosti 1983, kitinda mimba wa marehemu mzee Yiamat Laizer na Yeyo. Alipata kipaimara mwaka 1998. Shule ya msingi alisoma hapahapa kijijini, sekondari akamaliza mjini mwaka 2001. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Ila akiwa darasa la nne aliifungua redio ya baba vipande vipande, akaifunga, ikaongea vizuri kuliko mwanzo. Viboko alipata vilevile.

Mwaka 2003 alianza kujifunza ufundi wa redio huko mjini, Levolosi, na mwaka 2012 akafungua studio yake ndogo Elerai. Huko ndiko alikopata jina, kwa kuziseti hedifoni ili mtu asikie sauti zikimzunguka, mbele, nyuma na ubavuni, kana kwamba amekaa ukumbini. Alikuwa na vipimo vyake kwenye kompyuta, na aliamini mpangilio sahihi ni mmoja tu. Ukimbishia, unachoka wewe.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na Esther Mbise wa Akheri, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia Hope na Godbless. Wifi yangu alimweza kwa upole. Mimi kwa ukali wangu wote nilishindwa.

Juni 2019 Yeyo akaanguka. Kukosa ibada kulimuuma kuliko nyonga. Lesian akarekodi ibada nzima, akaipanga kwa vipimo vyake, akamvisha mama hedifoni huku anatabasamu. Yeyo alisikiliza wimbo mmoja, akazivua.

"Hili si kanisa letu," alisema. "Wanaume wamenikalia mpaka upande wa kushoto. Tangu lini?"

Nakiri mbele yenu, nilimwambia Lesian, "Achana naye, atazoea." Kumbe fundi wetu alikuwa amemweka mama katikati ya kanisa, mahali ambapo kompyuta inasema sauti ni nzuri. Lakini kwetu akina mama hukaa kushoto na wanaume kulia, na Yeyo alikaa benchi la tatu kushoto, dirishani, kwa miaka arobaini. Katikati wanapita maharusi! Jumapili iliyofuata Lesian akaenda kuketi kwenye benchi lile, mwanaume peke yake kati ya akina mama, wakamcheka hadi mchungaji akauliza kulikoni. Akarudi akarekebisha. Sauti nzito za wanaume zikahamia kulia, kwaya ya akina mama ikasogea karibu na bega, mahubiri yakaja mbele. Yeyo alipovaa tena, aliimba. Tulikuwa hatujamsikia akiimba kwa miezi mitatu. Jamani, nililia.

Tangu siku hiyo Lesian aliacha kubishana na wateja. Alimsikilizisha kila mmoja mipangilio kadhaa bila kumwambia upi ni upi, mtu achague unaompendeza. Vijana wa gemu walitaka nyayo za adui zisikike mgongoni. Mzee Solomoni, mstaafu wa Njiro, alitaka mtangazaji wa mpira awe mbele na mashabiki wakae mbali huko. Mimi nilijitapa kwamba napenda besi ya kutikisa meno, kisha nikachagua mara tatu mfululizo ule wenye besi kidogo. Alicheka hadi akakaa chini. Nilimkatalia siku ile, leo nakubali.

Januari 2024 iligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Siku moja aliniuliza, "Dada, nikitangulia, Yeyo atanizikaje? Nani atamsetia?" Jibu lilitoka kwa Esther. Kwa miezi saba mwalimu wa hesabu alikaa na mumewe kwenye kompyuta, wakizozana na kucheka, mpaka akaijua kazi. Lesian alifariki Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili, Esther amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, kaka yetu Sankale, na mimi.

Juzi, kabla karatasi hii haijaenda kuchapwa, Esther alimvisha Yeyo hedifoni ajaribu mpangilio wa mazishi ya leo. Alikuwa amempangia upande wa akina mama, kama kanisani. Yeyo akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Siku hiyo niweke ukingoni mwa kaburi. Nataka kusikia udongo."

Esther alilia, akafuta machozi, akaanza kazi upya. Kile kipaza sauti kilicho karibu kabisa na jeneza, ndugu zangu, ndicho cha Yeyo, kinamfikishia sauti kitandani sasa hivi. Tafadhali msikisogeze.

Yeyo, uko mbele yetu sote. Tunampumzisha mwanao kwa amani, na wewe unamzika pamoja nasi.